Ngiri isiyoonekana: kwa nini tundu dogo ndilo la kuogopwa

Nguzo za umeme kati ya Kabwe na Mwanjelwa jijini Mbeya zimebandikwa vikaratasi vinavyofanana: "Tunatibu ngiri, busha, chango, nguvu za kiume," na namba ya simu chini yake. Nenda Makambako, Tunduma au Iringa mjini, utavikuta vilevile. Anayevisoma huondoka na mambo manne kichwani: kwamba ngiri ni ugonjwa wa wanaume, kwamba hukaa sehemu za siri, kwamba ni lazima ivimbe, na kwamba ina dawa ya kunywa. Yote manne yanapotosha, na hilo la kuvimba ndilo la hatari zaidi. Zipo ngiri ambazo mgonjwa hazioni, daktari hazigusi, na mara nyingine hujulikana siku utumbo umeshaanza kuoza. Ni chache mno ukizilinganisha na ngiri za kawaida, lakini uchache wake ndio unaozifanya zisikumbukwe.

Tuanze na maana. Ngiri ni kitu cha ndani ya tumbo, mara nyingi kipande cha utumbo au mafuta yanayoufunika, kinapopenya kwenye tundu au sehemu dhaifu ya ukuta unaokizuia. Ina mambo matatu: tundu lenyewe, ambalo madaktari huliita shingo, kifuko, yaani utando wa ndani wa tumbo uliosukumwa nje kupitia tundu hilo, na kile kilichoingia kwenye kifuko. Busha ni jambo jingine, maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Chango halina maana moja: maumivu ya hedhi huitwa chango, na mtoto anayelia kwa tumbo naye huambiwa ana chango. Kuhusu nguvu za kiume, ngiri kubwa ya kinena inaweza kuleta maumivu na usumbufu wakati wa tendo, ila haimwondolei mtu uwezo, na anayemuuzia dawa moja kwa yote mawili anamuuzia maji.

Kuna pia akina mama ambao baada ya uzazi wa pili au wa tatu wakijiinua kitandani huona tumbo linachomoza katikati, kuanzia chini ya kifua mpaka kitovuni. Wengi huambiwa ni ngiri. Mara nyingi ni misuli miwili ya mbele iliyoachana wakati wa ujauzito na haijarudiana. Hapo hakuna tundu, hivyo hakuna utumbo wa kunaswa.

Sasa chukua gunia la viazi la Uyole, lile la lumbesa lililojazwa mpaka likashonewa kamba juu, kisha likavalishwa gunia la pili kwa nje. Likichanika pakubwa, viazi vitatoka na kurudi bila shida. Linakera kulitazama, lakini hakuna kiazi kilichobanwa. Likichanika kitundu kidogo, kiazi kitachungulia nusu na kukwama hapo, mbele hakiendi na nyuma hakirudi. Na kama lililochanika ni gunia la ndani peke yake, viazi vitapenya katikati ya magunia mawili, na mpakizi anayelipapasa kwa nje atasema gunia ni zima. Ukuta wa tumbo umejengwa hivyohivyo, kwa tabaka zilizovalishana: ubavuni kuna misuli mitatu bapa iliyolaliana, nyuzi za kila mmoja zikielekea upande wake, na mbele kuna misuli miwili mirefu inayoshuka kutoka kifuani hadi kwenye mfupa wa kinena. Swali la maana kwa mwenye ngiri ni shingo ina upana gani na tabaka gani imechanika. Ukubwa wa uvimbe, ambao ndio kila mtu huutazama kwanza, hausemi mengi.

Tofauti kubwa ni kwamba kiazi hakitegemei damu. Utumbo uliobanwa shingoni huvimba, uvimbe huo huongeza kubanwa, mishipa ya damu hufungwa, na katika saa chache sehemu hiyo inaweza kuanza kufa. Hali hii ndiyo huitwa ngiri iliyonyongwa.

Ngiri za kawaida tuzipitie haraka. Ya kinena peke yake ni karibu robo tatu ya ngiri zote za ukuta wa tumbo. Takwimu za Uingereza zilikadiria kwamba wanaume 27 katika kila 100 hufanyiwa upasuaji wa ngiri hiyo wakati fulani wa maisha yao, dhidi ya wanawake 3 katika 100. Ya paja hutokea chini kidogo ya kinena, huwapata zaidi wanawake, na shingo yake nyembamba huifanya iwe rahisi kunyongwa. Ya kitovu kwa watoto wachanga mara nyingi hujifunga yenyewe mtoto akifikia miaka 4 au 5. Ile sarafu inayofungwa kwa kitambaa juu ya kitovu haina inachosaidia, isipokuwa kuchubua ngozi na kukaribisha vijidudu. Ya kovu hutokea pale mtu alipopasuliwa zamani, pamoja na akina mama waliojifungua kwa upasuaji.

Zile zinazojificha

Bonyeza tumbo lako pembeni ya kitovu, kisha sogea nje taratibu mpaka uhisi ukingo wa msuli mrefu wa mbele. Ukingo huo unashuka kwa kupinda kutoka mbavu za chini hadi karibu na kinena. Aliyeueleza ni Adriaan van den Spiegel, mtaalamu wa maumbile ya mwili aliyezaliwa Brussels mwaka 1578 na kufundisha Padua, na ngiri inayotokea kwenye ukanda huo ikaitwa kwa jina lake, ingawa aliyeielezea ngiri yenyewe ni mtu mwingine, Josef Klinkosch, mwaka 1764. Ngiri ya Spiegel haifiki 2 au 3 katika kila ngiri 100 za ukuta wa tumbo. Mara nyingi hutokea chini kidogo ya usawa wa kitovu, mahali ambapo ganda gumu linaloushika msuli mrefu kwa nyuma linaishia, na ukuta unabaki mwembamba.

Ujanja wake ni wa yale magunia mawili. Tabaka za ndani zimechanika, la nje ni zima, na utumbo unateleza katikati yake. Mgonjwa, kwa kawaida mwenye umri kati ya miaka 40 na 70, hana nundu ya kuonyesha. Ana maumivu mahali pamoja, anapaweka kidole bila kusita. Asubuhi yapo kidogo, jioni baada ya kushinda amesimama shambani au gengeni yanakolea, akikohoa au kunyanyua ndoo yanachoma, akijilaza yanapoa. Kisha anakwenda kupimwa, na anapimwa akiwa amelala chali! Utumbo umesharudi ndani, tumbo ni laini, hakuna kitu. Anapewa dawa za vidonda vya tumbo, mwezi unaofuata za mkojo, baadaye za minyoo. Vipimo vyote vinatoka safi, na hapo ndugu huanza kunong'ona kwamba jambo hili halikuja lenyewe, kuna mkono wa mtu. Sioni haja ya kumtafuta mchawi kabla mgonjwa hajapimwa akiwa amesimama.

Ngiri ya kiunoni iko mgongoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kuna pembetatu mbili dhaifu pale, ya juu ikiitwa kwa jina la Grynfeltt aliyeieleza mwaka 1866 na ya chini kwa jina la Jean-Louis Petit wa Ufaransa. Baadhi huja zenyewe, nyingine hufuata ajali au upasuaji wa figo. Yenyewe huonekana, ila huonekana kama uvimbe wa mafuta, ule laini usiouma ambao wengi wanao na hauna shida. Hatari ni pale mtu anapotaka uchanwe harakaharaka kwa ganzi kidogo. Uvimbe wa kiunoni unaotoka ukisimama na kupotea ukilala kifudifudi usichezewe na wembe wa mtu yeyote kabla haujapigwa picha.

Ya tatu, ngiri ya ndani ya nyonga, ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inawapata bibi zetu. Mfupa wa nyonga una matundu mawili makubwa, kulia na kushoto, yaliyozibwa kwa utando mgumu. Utando huo una kinjia kimoja chembamba cha kupitisha neva na mishipa ya damu kwenda pajani. Kwa mtu mwenye mwili wa kutosha, mafuta hukijaza kinjia hicho. Mwanamke mzee aliyezaa mara nyingi na ambaye amekonda, kwa umri au kwa maradhi, mafuta hayo huisha na njia hubaki wazi. Kipande cha utumbo kinaingia humo, ndani kabisa ya paja la juu, chini ya misuli. Hakuna jicho litakalokiona. Ngiri hii haifiki 1 katika 100, na hutokea zaidi upande wa kulia.

Dalili yake ya mapema, ikiwapo, ni ya ajabu kidogo. Kwa kuwa utumbo unaibana neva iliyomo kwenye kinjia, maumivu husikika ndani ya paja na kushuka mpaka gotini. Huku kwetu goti la bibi likiuma, baridi ya Juni ndiyo hulaumiwa, na kweli Makete au Njombe baridi hiyo ina makosa mengi. Lakini yafikirie mazungumzo haya ya chumba cha daktari:

"Shikamoo bibi. Maumivu yanaanzia wapi?"

"Marahaba mwanangu. Huku ndani ya paja, yanateremka gotini."

"Ukinyoosha mguu je?"

"Ndiyo yanazidi. Nikiukunja napata nafuu."

"Na tumbo?"

"Juzi lilijaa, nikatapika, likaisha. Jana tena."

Goti lenye baridi yabisi halimtapishi mtu. Mguu unaouma zaidi ukinyooshwa nyuma na kuzungushwa kwa ndani, pamoja na tumbo linalojaa na kuachia, kwa bibi mwembamba, unatosha kumpeleka kwenye picha siku hiyohiyo. Wengi hawapelekwi, na ngiri hii huua kuliko nyingine nyingi za ukuta wa tumbo kwa sababu hiyo tu: hugunduliwa utumbo ukiwa umeshaziba au umeshakufa, kwa mgonjwa ambaye tayari ni dhaifu.

Kuna mtego mmoja unaoweza kutokea kwenye ngiri yoyote yenye shingo ndogo. Wakati mwingine hunaswa upande mmoja tu wa utumbo, ukuta wake wa pembeni, huku njia ya katikati ikibaki wazi. Mgonjwa anaendelea kupata choo na kutoa hewa, kwa hiyo yeye na hata mhudumu hujifariji kwamba tumbo halijaziba. Kumbe kipande kilichobanwa kinaoza. August Gottlieb Richter wa Ujerumani aliieleza hali hii karne ya 18, na bado inawadanganya watu.

Inavyotafutwa

Kipimo cha kwanza hakina umeme. Ni masimulizi: maumivu yako sehemu moja au yanahama, yanakuja saa ngapi, ukifanya nini, yanaondoka ukikaa vipi. Kisha mgonjwa asimame, avue nguo za kutosha, akohoe kwa nguvu huku daktari ameweka kiganja mahali panapouma. Halafu alale na ainue kichwa kidogo ili tumbo likaze. Kwa ngiri ya Spiegel, sehemu ileile ikiuma zaidi wakati misuli imekaza, dokezo limepatikana.

Altrasaundi inafuata, na hospitali nyingi za wilaya za mikoa yetu zinayo. Thamani yake inategemea sana anayeishika. Mpimaji akimlaza mgonjwa na kupitisha kifaa mara moja, ataandika "kawaida". Akimsimamisha, akamwambia akohoe au ajikaze kama anayesukuma choo, ataona tundu likifunguka na utumbo ukiteleza. Nisingeona aibu kumwambia mpimaji, "Naomba unipime nikiwa nimesimama, ndiyo huuma." Hiyo sentensi moja inaweza kuokoa miezi.

Altrasaundi isipotosha, kuna picha ya CT, ambayo huonyesha tabaka za ukuta moja baada ya nyingine pamoja na kina cha nyonga ambako kidole hakifiki. Ngiri ya ndani ya nyonga karibu haina njia nyingine ya uhakika kabla ya kupasua. Kwa Nyanda za Juu Kusini, njia ya kawaida ya mgonjwa wa namna hii ni kuandikiwa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Hospitali za misheni kama Ikonda kule Makete, Ilembula na Tosamaganga nazo zimekuwa zikipasua ngiri tangu zamani.

Safari hiyo ina sharti. Anayesubiri tarehe ya kliniki ni yule ambaye maumivu yanakuja na kuondoka. Uvimbe uliokuwa unarudi ukagoma, ukawa mgumu na kuuma mfululizo, kutapika, tumbo kujaa, ngozi ya juu ya uvimbe kubadilika rangi, homa: huyo asisubiri gari la kesho. Asikandwe, asisukumiwe uvimbe ndani kwa nguvu nyumbani, kwa sababu utumbo uliokufa ukirudishwa tumboni hutobokea humo. Na asilishwe uji wa kumtia nguvu, atahitaji tumbo tupu kwa nusu kaputi.

Upasuaji wenyewe

Kazi ya daktari wa upasuaji ina sehemu tatu, nayo haibadiliki sana kutoka ngiri hadi ngiri: kukifikia kifuko na kuona kilichomo, kuamua kama kilichomo ni kizima, na kuziba tundu lisifunguke tena.

Kilichomo si utumbo mwembamba kila mara. Mwaka 1735 huko London, Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri ya kinena, akakuta ndani ya kifuko kuna kidole tumbo kilichotobolewa na pini. Alikiondoa, na mtoto akapona. Huo huhesabiwa kuwa upasuaji wa kwanza wa kuondoa kidole tumbo ulioandikwa, na ulitokea kwa bahati tu, kwa mtu aliyekuwa anatafuta kitu kingine.

Uamuzi wa uzima ndio wenye jasho. Utumbo ukiwa mweusi na umelegea, unakatwa na ncha mbili nzima zinaunganishwa. Ukiwa wa rangi ya zambarau, daktari huufunika kwa vitambaa vyenye maji ya chumvi ya uvuguvugu na kusubiri dakika kadhaa. Ukirudisha wekundu, mishipa ikapiga na utumbo ukajikunyata, unarudishwa tumboni. Ndiyo maana ndugu walioko nje huambiwa upasuaji utachukua saa moja, ukachukua tatu.

Njia ya kuingilia hutegemea mahali. Ngiri ya kinena inaweza kufanyiwa kwa ganzi ya sehemu au sindano ya mgongo. Ya Spiegel hufikiwa kwa mkato juu ya sehemu inayouma au, palipo na vifaa na ujuzi, kwa matundu madogo na kamera. Kwa kuwa hunyongwa kirahisi, mabingwa wengi hushauri ipasuliwe hata kama inauma kidogo tu. Ya nyonga ikija kwa dharura, tumbo hufunguliwa katikati, kwa sababu utumbo wote unatakiwa kukaguliwa. Ya kiunoni ina shida yake, maana ukingo mmoja wa tundu ni mfupa, na mfupa haushonwi na msuli ukakubali. Hapo wavu ndio msaada.

Wavu huo umeleta maneno mengi mitaani. Kuna wanaoamini madaktari wanawashonea watu chandarua. Uvumi huu una mzizi. Wavu wa kawaida ni wa plastiki maalumu isiyooza, nyama mpya ya kovu huota kupitia vitundu vyake mpaka ukawa sehemu ya ukuta. Bei yake ni kubwa, hivyo watafiti walijaribu kitambaa cha aina ya chandarua kilichokatwa na kutakaswa kwa mitambo ya hospitali. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lililofanyika mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena, lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja matokeo hayakutofautiana na ya wavu wa gharama. Chandarua cha kitandani, chenye dawa ya mbu, hakikuhusika na hakipaswi kuhusika kamwe. Ikiwa utumbo umeoza na usaha umemwagika, daktari anaweza kuacha kuweka wavu wowote, kwa sababu vijidudu hujificha humo. Atashona kwa nyuzi pekee na kukubali kwamba huenda siku moja itabidi arudi.

Linabaki swali ambalo kila mgonjwa huuliza akiruhusiwa: itarudi? Inaweza. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2000, uliohusu ngiri za kovu, ulikuta kwamba katika miaka 3 zilirudi 43 katika kila 100 za waliokuwa wakishonwa kwa mara ya kwanza kwa nyuzi tupu, na 24 katika 100 za waliowekewa wavu. Ngiri ndogo za Spiegel zina matumaini mazuri zaidi ya hapo. Kinachozirudisha nyingi ni msukumo kutoka ndani: kikohozi cha miaka cha anayepikia kuni jikoni pasipo dirisha, au kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, choo kigumu, mzee anayejikaza kukojoa kwa sababu ya tezi dume, sigara. Daktari makini hushughulikia hivyo kabla ya tarehe ya upasuaji. Baada yake mgonjwa hutembezwa siku hiyo au kesho yake, na kazi nyepesi hurejea mapema kuliko watu wanavyodhani. Gunia linasubiri. Wengi huambiwa wiki 4 hadi 6 bila kunyanyua kitu kizito, na kwa kuli wa Soko la Uyole au mpasua mbao wa Mafinga hizo ni wiki bila kipato. Bora familia ikae ipange hilo kabla ya kwenda.